Sura ya Kukisia

Simu ilinikuta napima mchele,
nusu kilo, wa mteja asiyependa kusubiri.
"Dada Siwema? Jina lako limo kwenye daftari la waliopotelewa.
Njoo. Tumepata sura."

Sura. Hakusema mtu.

Mfupa waliukuta Jangwani wakichimbia nguzo,
chini ya tope la mvua ile
ambayo kila nyumba bondeni ina jina lake.
Kwetu inaitwa Mvua ya Kondo,
kwa sababu ilikuja tukiwa watano
ikaondoka tukiwa wanne.

Bwana Lameki wa maabara, shati limepigwa pasi mara mbili,
ananieleza polepole kama anayemlisha mgonjwa uji:
ndani ya mfupa mna vinasaba,
mashine huvisoma,
kisha hukisia mwenyewe alikuwaje.

Nikaligeuza neno mdomoni. Vinasaba.
Bibi alikuwa na nasaba yetu vidoleni,
akiitaja, akikosea, akirudi kwenye kidole gumba.
Hizi za Lameki ni ndogo, punje za nasaba,
hazikosei majina
maana hazina majina.

Akanisomea:
Macho, kahawia iliyokoza, tisini na tisa kwa mia.
Nywele, nyeusi, tisini na nane.
Ngozi, nyeusi, au maji ya kunde, hapo mashine imesita.

Nilicheka. Nisamehe, Bwana Lameki,
nilicheka hadi mlinzi akachungulia.
Kwa maelezo hayo ungeikamata Kariakoo nzima.
Ungemkamata mlinzi. Ungejikamata.

Labda mashine ilifundishwa kwa watu
ambao macho yao hutofautiana kama vitenge dukani,
ukisema "kijani" umeshamtoa mtu kwenye umati.
Kwetu ukisema "kahawia"
umemrudisha humo humo, umemfungia mlango.

Ndipo akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Kijana. Ametulia. Hana kovu, hana deni.
Mdomo umefumbwa kama anayesubiri picha ya kitambulisho.
Huyu hajawahi kula kiporo.
Liko wapi pengo la jino,
la chupa ya soda aliyobishana nayo sikukuu?
Bega la kushoto, lililoshushwa na magunia ya Tandale,
liko wapi? Na nyusi
iliyoungua kwa jiko la mafuta ya taa
siku aliyojaribu kunipikia nina surua,
wali ukawa mkaa, tukaula?

Vinasaba vinajua alivyoshonwa.
Alivyovaliwa tunajua sisi.

"Ndiye?" akauliza.

Nilikuwa nishafungua kinywa kusema siye.
Lakini paji lile.
Paji pana, lenye bonde dogo katikati,
ambalo kila asubuhi nalipaka mafuta
bila kuliangalia.

Yule kijana alikuwa mimi, nikizaliwa mume.

Sikusema kitu. Lameki naye, Mungu ambariki, hakuuliza tena.
Alisema tu: "Sura haithibitishi, dada.
Sura inatuonyesha mlango wa kubisha.
Uthibitisho uko shavuni mwako."
Akavaa glavu. Akatoa kijiti chenye pamba.
"Fungua mdomo."

Nikafungua, kama mtoto anayepewa dawa.
Pamba ikapita ndani ya shavu, kushoto, kulia,
ikachukua kitu nisichojua kama ninacho
na ambacho Kondo, popote alipo,
tulikuwa tumegawana.

Majibu baada ya wiki sita.

Wiki sita. Nyumbani mama bado anafunika sahani,
asubuhi anawapa kuku.
Nimwambie nini? Kwamba nimemwona, lakini hajazeeka?
Kwamba wamemsafisha sana?

Nilirudi kwa miguu, Msimbazi yote,
na kila aliyenitazama alikuwa na macho kahawia,
tisini na tisa kwa mia.
Muuza kufuli mmoja akasema, "Karibu, dada."
Nikasimama muda mrefu
kwa mtu asiye na mlango wa kufunga.

Dukani mchele ulikuwa bado kwenye mizani.
Mtu alikuwa ameuchota kidogo,
mshale ulisema hivyo.
Sikuuliza nani.
Nilijazia, ikafika nusu kilo, nikauacha pale.