Kidole Gumba

Siku ya tisa, Vazha bado ni mkate.
Nimempaka vizuri: shingo nene, kipara,
mikono isiyo na laika hata moja,
maana matanuri ya Kutaisi hunyoa bure
kila ainamaye kubandika donge ukutani mwake.
Rangi ya ngozi nimeipata: udongo mwekundu,
manjano kidogo, na kile kijani cha kijinga chini ya taya
ambacho mwalimu wangu aliapa kimo katika kila mtu.
Kimo. Mwenyewe ndiye hayumo.

Taa zawaka, mlango wazi,
unapiga hodi, unapiga,
sauti yako ndiyo inayokuitika.

"Nitazame," namwambia. Ananitazama
kama anavyotazama foleni ya wateja.
"Basi fikiria jambo." Analifikiria, naliona: bei ya ngano.
Nje theluji inayeyuka, paa lavujia sufuriani,
tone,
tone,
naye anahesabu, midomo yaenda.

Nikaufuta uso. Kitambaa kizima kikalowa Vazha.

Siku ya kumi sikuugusa.
Nilichoka tu, nikashuka chini, hadi gotini,
hadi kwenye mkono wa kushoto uliolala pale
kama kitu alichoachiwa akitunze.
Ndipo nikaona: kidole gumba kimejificha
ndani ya wenzake wanne, kimefunikwa,
kama afanyavyo mtoto usingizini,
au kama mtu aliyeshika kidole kisicho chake.

Sikuuliza. Brashi haiulizi, hunusa.
Nikakichora kilivyo, kikubwa kuliko inavyofaa,
zambarau kati ya kifundo na kifundo,
na pale penye giza kabisa
sikutia nyeusi. Niliacha turubai tupu.

Jioni akavaa koti, akaja upande wangu,
akakipita kichwa chake bila kukisalimu,
akasimama mbele ya ule mkono.
Sufuria imejaa, inamwagika, hakuna anayeinuka.

"Nani kakwambia habari za Lamara?"

Hakuna, nikasema. Lamara sikumjua,
hata sasa simjui.
Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja,
akakosea, akafungua, akaanza upya.
Mkate aliokuja nao asubuhi
aliuweka juu ya stuli yake, mahali alipokuwa ameketi.

"Nitarudi kesho," akasema mlangoni,
"nikishamaliza mikate ya alfajiri.
Uso uache kwanza."