Hodi

Kila nikiifungua ile programu ya hesabu za dagaa
kioo kinafifia, kama umeme unataka kukatika,
halafu kinachomoza kisanduku katikati:
*Je, unairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako?*
Ndiyo. Hapana.
Mara ishirini kwa siku. Mikono inanuka Mwaloni,
simu inaita kutoka Kirumba, gunia la nane halijaandikwa,
nayo imesimama mlangoni inapiga hodi
kwenye nyumba inamokaa yenyewe.

Luhende, mtoto wa mdogo wangu, akaja Jumapili
kula ugali wa udaga na sato.
"Mama mkubwa, hii mbona inazimwa."
Akafuta vidole kwenye suruali, akabonyeza huku, akabonyeza kule,
akanionyesha kijiti kwenye ngazi zake nne,
akakishusha mpaka sakafuni:
*Usiniarifu kamwe.*
Hapo, nakumbuka, ikauliza mara ya mwisho
kama inaruhusiwa kuacha kuuliza.
"Bonyeza wewe, ni yako."
Nikabonyeza Ndiyo. Mkono mwingine ulikuwa na mwiko.

Wiki tatu, raha tupu.
Kila kitu kinafunguka kama mlango wa choo cha stendi.
Halafu asubuhi moja folda ya Machi ikawa na pacha wake,
na hakuna kati yao aliyekubali kufunguka.
Fundi akasema ni flashi ya stesheneri,
imeingia, imekaa, imezaa.
"Haikuuliza?" nikamwambia.
Akanitazama.
Elfu kumi na tano.

Usiku ule wadudu wa ziwani waliijaza taa,
wakakifunika kioo mpaka nikakifuta kwa kanga,
na chini yao palikuwa kimya sana.
Nikamkumbuka marehemu Bulugu,
alivyouza kiwanja chetu cha Buswelu siku ya Jumanne,
nikajua Ijumaa, kwa kijana wa tofali aliyeomba maji.
Nikawakumbuka kaka zake wakiipima sebule kwa hatua
masufuria ya msiba yakiwa bado hayajaoshwa.
Na benki, ambako mimi Nyanjige ni mdhamini
kwa sahihi iliyofanana na yangu kila kitu
isipokuwa mkia wa jei.
Hata lile jiwe nyuma ya jiko, kubwa kuliko nyumba,
watu wa jiji walikuja kulichora alama nyekundu
nikiwa sokoni. Lipo hapo tangu kabla ya Mabatini kuitwa Mabatini,
nalo pia halikuulizwa.

Miaka hamsini na sita.
Aliyenipigia hodi ni mashine ya mtumba
kutoka kwa fundi wa Mtaa wa Rufiji,
iliyong'oka herufi mbili kama mtoto wa darasa la kwanza.
Mimi nikaiambia inyamaze.

Nikakitafuta kile kijiti peke yangu.
Kilinila jioni nzima, na miwani ya Bulugu.
Nikakipandisha ngazi moja, ya pili, ya tatu,
mpaka dari, mahali pa kuuliza kila kitu.
Wakati nakipandisha haikusema neno.
Ilikuwa bado bubu, niliyoifanya mimi.

Asubuhi nikafungua hesabu. Kioo kikafifia.
Nikaisoma sentensi yote, neno kwa neno,
kama barua ya posa,
ambayo yangu aliisoma baba
mimi nikiwa uani napepeta mchele.
*Je, unairuhusu.*
Nikabonyeza Hapana.
Kisanduku kikaondoka. Hakikununa,
hakikwenda kuwaita wazee,
hakikuniuliza nina nini leo.
Nikakaa pale, chai inapoa.

Halafu nikaifungua tena, nikasema Ndiyo,
maana gunia la nane lilikuwa bado,
na Kirumba walikuwa wanapiga.