Gongo la Ndevu

Gongo bado ninalo. Mama Nzigire huja kuliazima
kusongea bugali wa matanga,
sufuria ikiwa ya watu mia na mwiko ukikatika.
Huligeuzageuza: mti gani huu, mwepesi hivi, mgumu hivi?
Namwambia ni wa kwao Ndevu.

Jina lake lilikuwa Baldev.
Sisi watoto wa Majengo tulisikia Ndevu,
na ndevu alikuwa nazo, kazifunga kwa wavu chini ya kidevu,
na kilemba buluu, rangi ya kofia za wenzake.
Niliposema naitwa Muhindo
alicheka mpaka mkanda wa bunduki ukamteleza begani:
Muhindi? Wewe?
Nikamweleza, kwetu Wanande Muhindo ni mtoto aliyegeuza mambo,
msichana nyuma ya wavulana watatu.
Hakusikia. Tangu siku hiyo
aliniita mwananchi mwenzangu.

Jumapili moja akaleta gongo,
mpira mwekundu, mgumu kama deni,
na vijiti vitatu vya kuchomeka chini.
Chini wapi? Majengo haina chini.
Ina mlima ulioshuka usiku, ukapita sebuleni, ukaganda.
Vijiti vikakataa.
Mpira ukagusa jiwe, ukaacha njia,
ukavunja chupa ya mawese ya watu.
Wa pili ukampata Byamungu gotini.
Tukauliza: sasa nani kashinda?
Bado, akasema. Labda jioni.
Labda kesho.

Kesho!
Saa kumi na mbili giza linaingia na sisi tuwe ndani,
mama anahesabu vichwa kabla ya kufunga mlango,
nani hapa ana mchezo wa kungoja kesho?

Byamungu, akichechemea, akalisimamisha gongo kati ya mawe:
mlingoti wa kushoto. Wa kulia, ndala yangu.
Akautoa mpira wetu, mifuko ya plastiki na kamba ya mgomba.
Hapo ndipo Ndevu alipovua buti.

Sijaona mtu mzima akicheza vile,
soksi juu ya mawe yanayokata matairi,
akipiga chenga watoto na chukudu lililobeba makala,
kilemba kikifunguka, mkia wa buluu nyuma yake.
Alinifunga mara nne. Sikulia. Ya tano niliidaka.

Baadaye, kwa Kiswahili chake cha kununulia nyanya:
"Kwetu mimi napiga mpira. Baba anapiga mimi."
Uwanja kijijini upo, alisema,
ila wenye magongo huamka nao na kulala nao.
Redio inajua majina kumi na moja,
mwenye sabuni anachora hao hao kwenye karatasi ya sabuni.
Timu yake iliingia fainali
mbele ya watu thelathini na nyati mmoja.
"Hawachukii. Wamejaa tu," akasema,
akijigusa kifua kama mtu aliyeshiba.
Na gongo?
"La baba. Alinipa stesheni. Kawafundishe, alisema."
Akalitazama lilivyosimama golini,
akacheka kidogo, si kama siku ya jina langu.

Walibadilishwa mwezi wa tisa.
Lori lilipita bila kusimama; gongo lilirushwa
nami nikalidaka, kipa ni kipa.

Jana tulikuwa na fainali yetu, wanawake,
uwanja ule ule, saa ile ile ambayo timu ya wanaume
ilikuwa ikicheza kwenye kila redio kuanzia Birere hadi Himbi.
Mume wangu alisema atakuja. Alijaa tu.
Kabla ya filimbi nilisimama mlangoni pangu,
mgongo kwa Nyiragongo, nikawahesabu watazamaji.
Ishirini na tisa.
Kisha mbuzi wa Mama Nzigire akavuka mstari
na kutulia karibu na gongo, akitafuna kitu.
Basi, nikasema, nikatema mate kwenye viganja.
Tumetimia.