Kuchambua Mchanga

Jumamosi, Burntisland. Bahari imerudi nyuma
ikaacha mstari wa mwani, kama wanja uliochuruzika.
Watoto kumi na mmoja, mabuti ya mpira,
kamasi, upepo,
na mimi, mfua mashuka wa hoteli,
niliyeombwa na mwalimu Morag
niwaonyeshe ule ustadi wangu wa mikono.

Ustadi gani? Kuchambua mchele.
Nimekuja na sinia la mama, lenye ua jekundu katikati,
nikamwaga juu yake ukufi wa mchanga wao.
Tazameni: huu mchanga. Hili gamba la kome.
Na hizi punje nyeupe, laini, za mviringo,
si mayai ya samaki, si dengu, si lulu.
Ni plastiki kabla haijawa kitu,
haijawa ndoo, haijawa kifuniko, haijawa mswaki.
Imevuja guniani, ikafuata mtaro,
ikafika hapa ni taka
bila kutumika hata siku moja.

Kwetu, nawaambia, punje isiyofaa ndani ya mchele
huitwa chuya.
Struan anaipiga kama chafya: chu-ya!
Wanacheka. Kisha wanainama.

Vidole vya baridi havina haraka.
Saa nzima hakuna kelele ila ya shakwe
na Eilidh anayehesabu, chupa ya jemu mapajani,
mia nne na kumi na moja, mia nne na kumi na mbili.
Namwuliza: haya, sasa wewe ndiwe ndege, una njaa,
huna sinia, huna mikono, una mdomo tu.
Utachambuaje?
Anafumba macho. Anadonoa hewa.
"Ningemeza tu," asema.

Ningependa shairi liishie hapo,
somo limeeleweka, twende tukanywe chai.
Lakini Fearghas, mdogo wao, asiyeokota chochote,
amelishika sweta langu la manyoya, analivuta.
"Hili nalo ni plastiki?"
Ndiyo.
"Ukilifua, manyoya yanayotoka huenda wapi?"
Kimya.
"Na kule hotelini, mnafua mablanketi mangapi?"

Swali hilo sikulijia na sinia.

Usiku, Kirkcaldy, zamu ya saa nne.
Mashine sita zinanguruma, maji yanatoka
ya kijivu, yana haraka zao,
kwenye bomba nililolipita miaka tisa
nisiliulize liendako.
Nimefunga kitambaa cha pamba mdomoni mwake,
mashine moja tu, ile ya pembeni.

Alfajiri nimekifungua: ukungu wa nyuzi,
buluu, waridi, unene wa ukucha.
Nimeutia ndani ya chupa ya jemu. Ni wa Fearghas.

Msimamizi akasimama mlangoni,
uchafu gani huo unaoutunza?
Chuya, nikamwambia.
Akatoa kalamu,
akaniuliza inaandikwaje.