Alama za Mkaa

Nilikwenda Jomvu Kuu na jedwali la rangi tatu,
projekta ya kuazima, na waya usiofika soketi.
Umeme ulikatika nikiwa kwenye picha ya pili.
Watoto arubaini na wanane wakanitazama
kama watu walioalikwa karamuni
wakaonyeshwa picha ya pilau.

Basi nikasema kwa mdomo: mabadiliko ya tabianchi.
Nikaliandika ubaoni, chaki ikakatikia kwenye *nchi*.
Dzombo, wa dawati la nyuma, kola imeliwa na sabuni,
akauliza bila kunyoosha mkono:
"Kwani nchi ina tabia?"
Ina, nikasema.
"Mbaya?"
Siku hizi inabadilika.
"Na si mwatwambia asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na ulimwengu?
Sasa huo ulimwengu ukiharibika tabia
utafunzwa na nani?"

Miaka sita chuoni, miwili Liwatoni
nikisoma kipimamaji kila asubuhi,
na sikuwa na jibu la kuweka mezani.
Mwalimu Nyakwaka akakohoa. Kengele ikaniokoa.

Ndipo Mbeyu aliponivuta mkoba.
"Ukuta wetu nao wayajua maji."

Kwao ni hatua thelathini kutoka kwenye mikoko.
Mamake, Mesalimu, hukaanga viazi karai kibarazani,
na maji ya bamvua hupanda hapo bila hodi.
Ili wajue lini kuhamisha jiko,
kila yalipofika binti alichora mstari
kwa kipande cha mkaa,
na kando yake, kwa mwandiko wa kuinama:
*Siku ya mtihani wa hesabu.*
*Siku Tsuma alipoota jino.*
*Siku tuliyolala kwa jirani.*
*Siku mafuta yalimwagika, mama hakusema kitu.*

Nikapiga magoti topeni na futi kamba.
Mistari thelathini na mmoja.

Nami nina shimo katika takwimu zangu:
miezi saba, kifaa kilipoliwa na kutu,
tukingoja kipuri kilicholala bandarini
dakika kumi kutoka kilipohitajika,
kikisubiri sahihi.
Miezi saba niliyoichora kwa vitone
na kuiita makadirio.
Humo, ndani ya vitone vyangu,
Mesalimu alibeba karai la moto gizani
mara tisa.

Kwenye ripoti, safu ya "chanzo", nikaandika:
Mbeyu Chirima, gredi ya sita, ukuta wa kibarazani.
Mkubwa wangu akapiga simu.
"Hicho ni kifaa cha kampuni gani?"
Ni mkaa, nikamwambia.
Akanyamaza. "Na usahihi wake?"
Sentimita mbili. Zaidi kidogo
siku ile alipochora akilia.

Sasa kila mwezi mpevu narudi, bila projekta.
Darasa limegawana kuta.
Dzombo amepewa nguzo ya kinyozi, ailinda kama mali ya urithi.
Juzi walibishana saa nzima
iwapo povu nalo lahesabiwa kuwa maji.
Sijawahi kufundisha somo zuri kama hilo,
na hilo sikulifundisha mimi.

Kisha Idi ikakaribia, mwenye nyumba akapaka chokaa.
Mistari yote ikazama kwa brashi moja.
Nilipofika nikashika kichwa. Mbeyu akanicheka:
alikwisha kuinakili nyuma ya daftari la Sayansi,
vipimo, tarehe, na yale maneno.

Saa kumi na dakika arubaini, alfajiri,
tukasimama na tochi mbele ya ukuta mweupe.
Maji yakaja kimya, yakabeba kandambili moja,
yakagusa, yakatua.
Akachora. Mstari wa kwanza
ulikuwa juu ya goti langu.
Nikausoma mara mbili, nikaandika, nikafurahi,
Mungu anisamehe, kwa kuwa ulikuwa mstari safi.

Mesalimu yuko mlangoni, karai mikononi.
"Mmeshapima?"
Tumeshapima, mama.
"Haya. Na jiko niliweke wapi?"