Barabara Zilizofungwa

Daktari Hallfríður alisema neno moja: "Tunaufunga."
Sindano nyembamba kama unywele, dawa ikapenya,
na ule uzi wa zambarau pajani mwa Steinvör
ukafifia kama kosa la penseli.
"Na damu je?" niliuliza. "Itapita wapi?"
"Itapata njia nyingine. Damu haina ukaidi."

Hilo nililielewa.
Miaka ishirini na saba nimeendesha gari la kusukuma theluji,
nimeshusha kizuizi njia ya mlimani kila Novemba,
na sijasikia mkate ulioshindwa kufika Húsavík.

Yeye alisimama. Ndio ugonjwa wake, kusimama:
saruji iliyolowa, viatu vya mpira, kisu,
minofu ikimjia kwenye mkanda kama siku za juma,
hadi buibui wakahamia miguuni,
buibui wasiofuma, wasionasa nzi,
wanaonasa macho tu.
Bwawani akajifunza kuingia upesi
na kutoka wa mwisho.

Sasa kazi ni yangu.
Soksi ya kubana, jamani!
Nimefunga minyororo kwenye magurudumu usiku wa dhoruba
sikutoka jasho hivi.
Anakaa ukingoni mwa kitanda, wayo kifuani pangu:
"Vuta. Si hivyo. Usikunje kisiginoni."
Tunacheka mpaka soksi inarudi ilikotoka.

Tembea, waliagiza. Tunatembea
hadi kituo cha mafuta na kurudi,
yeye mbele, mimi nyuma nikihesabu nguzo.
Maji ya moto mwiko, wiki mbili.
Kwetu huko ni kufungiwa nje ya mji,
maana habari zote huchemka kwenye dimbwi lile la mvuke.
Ásgerður humpigia kumsimulia nani kaachana na nani,
lakini umbea wa simu, anasema, ni chai iliyopoa.

Kwanza miguu ilizidi ubaya:
manjano, kahawia, rangi ya ndizi iliyosahauliwa.
Usiku aliwashwa; ili asijikune
alinishika mkono, akaubana.
"Nimelipa pesa nichubuliwe."

Jana amerudi bwawani.
Alivuka sakafu ya baridi taratibu,
taulo begani, si kiunoni.
Hakuna aliyetaja miguu.
Walimuuliza kama bado ana ule mtungi wa jemu.
Aliudhika kidogo, nadhani.

Mshipa mmoja umebaki, nyuma ya goti la kushoto,
wa buluu, umepinda kama njia ya zamani ya ziwani.
Yeye hawezi kuuona.
Sijamwambia.