Orodha ya Barton

Jumapili, Februari, nguo zinazunguka.
Duka la kufulia la Mtaa wa Barton lina joto kuliko kanisa,
ndiyo maana tuko hapa, wanaume wanne na kapu la soksi,
tukigombania wachezeshaji.

Si wale wa runinga. Wale wana watu wao wa kuwahesabia.
Sisi tunapanga wa uwanja wetu, nyuma ya kiwanda cha chuma,
ringi mbili, moja imeinama kama sikio la mbwa,
nyavu za minyororo zinazolia kama njuga mpira ukipita.

Delroy ameshika kalamu kwa kuwa ndiye mwenye kelele.
Amechana boksi la sabuni, kaandika moja hadi tano,
na kwenye moja, kabla hatujakaa, kajiandika yeye.
Mcheza kwao hutunzwa, namwambia.
Hajui Kiswahili. Anacheka.

Haya. Tano apewe Radovan,
mzee wa Kiserbia mwenye goti la kuazima,
aliyetoa pasi huku akitazama ziwa;
ukifuata macho yake, mpira ulikupiga puani.
Hakuwahi kukimbia. Alifika tu.

Nne ni Delroy. Kelele, ndiyo, lakini nne:
chenga zake ziliwaacha watu wamesimama kama vigingi,
mpira ulipenya katikati ya miguu yako
ukatokea upande wa pili ukimtafuta bwana wake.
Ila alitoa pasi pale tu alipochoka.

Tatu sijui. Kuna yule kijana wa pizza
aliyecheza kiangazi kimoja akahamia Alberta,
jina lake limebaki kwetu nusu: Tev, Tav.
Tupaache wazi, huenda akarudi.

Pili, Kizito, kwa sababu ya hesabu:
alijua nani hajagusa mpira tangu lini,
nani katoka zamu ya usiku, nani kagombana na mkewe,
akawalisha mmoja mmoja
kama mama mwenye sufuria moja.

Sasa moja.
Nataja Lorna Bomberry, na duka zima linanyamaza,
hata ile mashine namba sita yenye kwikwi.

Alikuja Alhamisi, kutoka Grand River kwa watu wake
waliokuwepo kabla ya Barton, kabla ya chuma,
sare ya kiwanda cha mikate bado ina unga mabegani.
Mfupi. Mkono wa kushoto. Hakusema na mtu.

Mimi nilikuwa na wiki tatu nchini,
buti za kazini zenye chuma vidoleni,
Kiingereza cha samahani na asante.
Waliniingiza ili timu itimie, wakanisahau kwenye kona
kama mwavuli wa mgeni.

Mpira ukanijia.
Sikuwa nimeuomba; hata mikono yangu haikuwa na habari.
Ulikuja kwa kimo changu, kwa uzito wangu,
kama barua iliyoandikwa anwani sahihi.
Nikarusha. Ukagonga ringi.
Akanipa tena. Ukagonga ubao.
Wenzetu wako peke yao chini ya goli, mikono hewani, wanafoka,
naye akanitafuta mara ya tatu, kona ileile.
Ule uliruka uzio ukaingia barabarani, lori likafunga breki.

"Mlipigwa ishirini na moja kwa tisa," anasema Delroy.
Kweli.
"Na wewe hukufunga hata moja."
Kweli pia.
"Sasa huyo ni wa kwanza kwa lipi?"

Kwa viatu, namwambia.
Alhamisi iliyofuata nilirudi na raba za mtumba, dola nne,
namba moja na nusu kubwa kuliko mguu wangu.

Hajaridhika. Kalamu iko sikioni, jina lake liko juu palepale.
Natoa shuka kwenye mashine. Ni kubwa, lataka watu wawili.
Delroy, bado anabisha, anashika ncha za upande wa pili:
tunasogeleana, tunaachana,
tunasogeleana.